Kutoka Barcelona Hadi Paa la Mjomba Firmin

"Jumamosi, kabla ya kengele ya misa ya jioni, atakuwa ndani ya banda langu. Na kama hayumo, nauza kila chenye manyoya, namnunulia Alida ile nyumba yake ya pwani, na nyinyi wote mnakunywa kwa mfuko wangu mpaka Georgette atufukuze!"

Maneno hayo Mjomba Firmin aliyatoa kwenye kipaza sauti, katika karamu ya mwaka ya chama cha wafuga njiwa, ukumbi wa nyuma wa baa ya Georgette, hapa kwetu Aalst, Ubelgiji. Watu sitini walikuwa wanakula sungura aliyepikwa kwa bia. Hakuna aliyemwuliza kitu. Kipaza sauti alipewa ili awashukuru wapishi, na wapishi mpaka leo hawajashukuriwa.

Watu walipiga meza kwa ngumi wakashangilia. Omer Van Nuffel, aliyekaa kando yangu, aliniinamia sikioni. "Kanywa ngapi huyu?"

"Maji tu. Dawa zake haziruhusu bia."

"Basi hali yake ni mbaya kuliko nilivyofikiri."

Shangazi Alida hakushangilia. Aliweka uma chini, akafuta mdomo, akamngoja mumewe arudi mezani akiwa amevimba kifua kama njiwa wake madume.

"Umesema mbele za watu, Firmin."

"Nimesema."

"Kengele ya misa ya Jumamosi."

"Kengele ya misa, mama. Uandae tu chombo cha kuwekea maua ya ushindi."

"Haya," akasema Shangazi, akaokota uma wake.

Aliyekuwa anawekewa dau hilo ni Melanie, njiwa jike wa bluu, mwenye macho ya rangi ya chungwa na tabia mbaya. Jina alipewa la mama yake Shangazi. Mjomba aliwaeleza watu bila aibu kwamba wote wawili, hata uwapeleke mbali namna gani, lazima utawakuta mlangoni kwako. Mama mkwe mwenyewe alilijua jina hilo akiwa hai na alilipenda, kwa sababu njiwa alishinda mara mbili na yeye bibi hakuwahi kushinda hata bahati nasibu ya parokia.

Na Barcelona ndiyo Barcelona. Kila kiangazi njiwa wetu hutiwa vikapuni, vikapu hupakiwa kwenye lori, lori huenda kule kusini, na asubuhi moja milango inafunguliwa. Kutoka hapo hakuna lori tena. Ni wao na mbawa zao, na milima ya mpakani, na bonde lile la Ufaransa ambalo upepo wake hauna adabu. Kila mmoja anarudi nyumbani kwake, kwa hiyo anayeshinda si yule aliyefika wa kwanza. Wanachukua umbali wa banda lako, wanagawanya kwa muda wa safari, na mwenye kasi kubwa ndiye bingwa. Ndiyo maana mjini kwetu kuna wazee hawaijui tarehe ya ndoa zao lakini wanajua nyumba zao ziko mita ngapi kutoka Barcelona. Ya Mjomba ni kilomita elfu moja na sabini na mbili, na kuna mita za ziada ambazo yeye huzitaja na mimi nimezisahau kwa makusudi.

Yeye mwenyewe Barcelona hakuwahi kufika. Alizaliwa katika nyumba hiyohiyo anayoishi, akafanya kazi kiwanda cha nyuzi kilichokuwa chini ya daraja tangu ana miaka kumi na mitano mpaka kiwanda kilipofungwa, na ndege ya kubeba watu hajawahi kupanda. Shangazi ndiye aliyekwenda, mara moja, na kina mama wa kwaya. Aliporudi alimletea sahani yenye picha ya kanisa. Mjomba aliigeuza sahani akaangalia nyuma, kisha akauliza swali moja tu:

"Upepo ulikuwaje?"

"Firmin, nilikuwa ndani ya ndege."

"Ndiyo, lakini ulikuwa unatoka wapi?"

"Saa mbili," Shangazi akanigeukia mimi, kama mtu anayetafuta shahidi. "Saa mbili nzima kutoka kule mpaka Brussels. Nimekunywa kahawa moja, nimekwenda msalani mara moja, tumefika. Ndege zake yeye zinachukua siku mbili, na zikifika wanaume wazima wanalia."

"Kwa sababu yako haikuwa na kipanga nyuma yake," akasema Mjomba.

Lakini mambo yalikuwa yamebadilika tangu ile safari ya sahani. Mapafu ya Mjomba yalianza kuharibika kwa vumbi la pamba kule kiwandani, na vumbi la njiwa likamalizia kazi. Ni ule unga mweupe unaotoka kwenye manyoya. Ukipiga makofi bandani unauona unaelea juani kama maziwa. Mwezi wa tatu mwaka ule alilazwa wiki tatu. Daktari, mama mmoja mwembamba asiyependa maneno mengi, alimwambia achague, njiwa au pumzi. Mjomba alimwambia atafikiria. Alipotoka hospitali alifikiria akiwa bandani.

Wiki zile tatu njiwa waliangaliwa na Shangazi. Baba yake naye alifuga, kwa hiyo hakuhitaji kufundishwa. Kila asubuhi alishika kopo la karanga, akavaa aproni yake ya maua, akapanda zile ngazi kumi na goti lake bovu, akatikisa kopo, na njiwa wote wakamjia. Melanie alikuwa anamkalia mkononi. Jambo hilo Mjomba aliporudi halikumfurahisha hata kidogo.

"Umemharibu. Amekuwa kama kuku."

"Amekuwa na adabu."

Na juu ya friji, chini ya sumaku yenye umbo la kitunguu, kulikuwa na picha ya nyumba. Ghorofa ya nne, Middelkerke, lifti, baraza ya kioo, bahari upande mmoja. Shangazi alikwisha kwenda kuiona mara mbili, na mara zote mbili alirudi akisema jambo moja tu: "Kule nilimsikiliza mzee mmoja anapumua. Husikii kitu."

Kwa hiyo msidhani ilikuwa kichekesho cha baa. Kama Melanie angewahi kengele, Mjomba angebaki na banda lake na Shangazi angefunga mdomo; hivyo ndivyo walivyoelewana. Kama asingewahi, banda linauzwa. Na mji mzima ulikuwa umesikia, maana sisi watu wa Aalst tunaweza kusahau deni la mtu lakini majivuno yake tunayatunza mpaka sherehe za kanivali, tukayachongee sanamu.

*

Mjomba hakumtuma Melanie mikono mitupu. Kuna ufundi wake. Njiwa jike akiwa na kinda mdogo kiotoni, anayemlisha kwa koo lake mwenyewe, hurudi kwa kasi ambayo huwezi kumlipa mtu akupe. Mjomba alipanga mayai, akapanga siku, akahesabu kwa vidole, na siku ya kumtia Melanie kikapuni kinda alikuwa ametoka tu kwenye yai, uchi, mbaya kama kiazi kilichosahaulika. Mjomba alimruhusu mama amtazame, kisha akamnyanyua.

"Huo ni ukatili," nikamwambia.

"Ndiyo," akasema. "Unafanya kazi."

Kisha mvua ikanyesha kusini. Ijumaa iliyopangwa ndiyo hiyohiyo iliyobaki, lakini kila kukicha redio ilikuwa na habari nyingine: mawingu milimani, radi kwenye bonde, huenda wataachiwa, huenda hawataachiwa. Mjomba akaacha kula. Aliketi na sahani ya viazi mbele yake akiitazama kama ramani. Akisikia mlango wa gari barabarani anasimama. Alianza kuangalia angani upande wa kusini wakati njiwa wenyewe bado wako kwenye lori wanakula mahindi.

Ijumaa asubuhi wakaachiwa, jua likiwa limekwisha panda. Upepo wa kaskazini-mashariki. Maana yake usoni, njia nzima.

"Haya wewe, Nusu Diploma," akaniita kutoka ng'ambo ya ua. Ndiyo jina langu kwake tangu nilipoacha chuo cha upimaji ardhi. "Kilomita elfu moja na sabini na mbili. Wape mita mia tisa kwa dakika."

"Kwa upepo huu? Wape mia nane."

"Nimekwambia mia tisa!"

"Mjomba, upepo hausikii unavyofoka. Hawaruki usiku. Watalala Ufaransa, waamke na jua. Kwa mia nane Melanie anafika Jumamosi saa nane, saa tisa mchana, asiposimama kunywa maji."

"Na kengele ni saa kumi na moja."

"Kengele ni saa kumi na moja."

Akahesabu mwenyewe kwa midomo bila sauti. Jasho lilimtoka juu ya mdomo, na asubuhi ile ilikuwa ya baridi.

"Lazima anywe maji," akasema. "Hawezi asinywe maji."

*

Jumamosi mtaa wetu ukanyamaza. Hiyo ni sheria isiyoandikwa popote: siku ya Barcelona hakuna anayeanika nguo nyeupe, hakuna anayekata majani kwa mashine, mbwa wanafungwa ndani, watoto wanapelekwa kwa bibi. Njiwa aliyetoka mwisho wa dunia akiona shuka linapepea kwenye bustani asiyoizoea hashuki. Na asiposhuka hujapata kitu. Pale mlangoni mwa banda kuna kibao cha umeme, njiwa anapokikanyaga kinaisoma pete ya mguuni na kulia mara moja: bip. Mpaka kilie, njiwa wako hajafika. Anaweza kuwa mita mbili kutoka puani pako, bado yuko Barcelona.

Omer alikuja saa sita mchana na kiti chake cha kukunja. Yeye ni mtu wa mbio fupi, njiwa wake hawavuki Paris, na kwa miaka thelathini Mjomba amemwambia kwamba wanaruka kama watoto waliotumwa dukani. Omer hujibu kwamba angalau wanarudi na chenji. Siku ile alikuja kama shahidi wa chama, akapewa nafasi chini ya kibanda cha baiskeli, akaamriwa asikohoe.

"Nisikohoe mimi?" akaninong'oneza. "Mimi?"

Maana Mjomba alikuwa anakohoa. Anageuka ukutani, anaziba mdomo kwa kofia, mabega yanaruka, kisha anarudi kutazama mbingu na machozi machoni kana kwamba hakuna kilichotokea. Shangazi alikuwa mlangoni mwa jikoni, kwenye kiti cha majani, aproni ya maua, anamenya maharage ya kijani, na kopo la karanga chini karibu na mguu wake. Kila Mjomba alipokohoa, kisu kilisimama. Alipoacha, kisu kikaendelea.

Saa tisa simu za kwanza zikaingia. Njiwa wa mtu wa Ninove, mji wa jirani, amefika. Kisha wa Lede. Mjomba aliipokea kila habari kama mtu anayesomewa majina baada ya ajali.

"Wa Ninove ana dume," akasema. "Dume hunyoosha njia."

"Nani kakuuliza?" akasema Omer.

Na hapo, kwa kuwa kufika kwa wa Ninove kulimaanisha njia iko wazi, roho ya Mjomba ikaruka kutoka shimoni mpaka juu ya mnara bila kupumzika katikati. Akakumbuka kwamba mpiga picha wa gazeti la mji ameahidi kupita saa kumi. Akajitazama. Alikuwa amevaa koti lake la kazi, lile la bluu, la urefu wa magoti, lenye madoa ya miaka kumi na harufu ya miaka ishirini. Akalivua.

"Alida! Tia hili kwenye mashine. Siwezi kuonekana gazetini na kinyesi begani. Suti yangu iko wapi?"

Shangazi hakunyanyuka mara moja. Alilitazama koti, kisha akamtazama mumewe, kwa muda mrefu.

"Una uhakika, Firmin?"

"Nina uhakika gani tena? Mtu wa picha anakuja!"

"Nakuuliza mara moja tu. Una uhakika unataka nilifue sasa hivi?"

"Mwanamke huyu! Ndiyo!"

Akalichukua. Tukasikia mlango wa mashine unafungwa na maji yanaanza kuingia. Mjomba akatoka na suti ya kijivu ya harusi ya mpwa wake, tai nyekundu, na kofia ya sherehe badala ya ile ya kila siku. Omer alinitazama, na mimi nilimtazama Omer. Omer baadaye alidai kwamba alifikiri ni utani. Mimi sina njiwa, sikujua. Shangazi alirudi kwenye maharage yake.

Saa tisa na nusu ikapita. Saa kumi. Mpiga picha alipiga simu kuuliza kama kuna sababu ya kuja, Mjomba akamwambia ipo, njiani. Alikuwa anatembea kutoka banda mpaka ua, ua mpaka banda, viatu vya sherehe vinazama kwenye majani. Kila kunguru alikuwa Melanie. Kila hua alikuwa Melanie. Ndege kubwa ya abiria ikapita juu ikielekea Brussels, na Omer akasema kwa sauti ya chini, "Labda ameomba lifti," nikauma ngumi nisicheke, kwa sababu uso wa Mjomba haukuwa wa kuchekwa. Ulikuwa wa mtu aliyekaa nje ya chumba cha upasuaji.

"Kuna kipanga kwenye mnara," akasema, si kwetu. "Mwaka jana alimla njiwa wa Achiel, mwenzetu wa chama, hapa mjini juu ya posta. Kilomita elfu moja, anakuja kuliwa juu ya posta."

"Kaa chini, Firmin," akasema Shangazi.

"Kinda atakufa."

"Kinda nimemlisha mimi saa sita. Kaa chini."

Hakukaa.

Ikawa saa kumi na moja kasoro dakika kumi, na mimi nikawa nimekwisha kata tamaa na kuanza kuwaza viti vya bustani atapewa nani, ndipo Mjomba alipokamata mkono wangu. Vidole vyake viliingia nyamani. Nikafuata macho yake, sikuona kitu, kisha nikaona doa, chini, chini kuliko nilivyotarajia, linakuja kando ya mti wa jirani kama kitu kilichotupwa. Halikuzunguka. Lilifika, likafungua mbawa, likatua juu ya paa la banda.

Melanie. Alikuwa mwembamba kama bahasha. Bawa moja lilining'inia kidogo na unyoya mmoja wa mkia ulikuwa haupo. Alifungua mdomo, akaufunga. Mita mbili chini yake kilikuwa kile kibao.

"Njoo," akasema Mjomba, akapiga hatua. "Njoo, mama. Njoo, njoo."

Melanie akainua kichwa, akamtazama. Nimewahi kutazamwa hivyo na walinzi wa milango ya disko. Akaona mtu wa kijivu, mwenye kitu chekundu shingoni, kofia asiyoijua. Akarudi nyuma hatua mbili mpaka kwenye ukingo wa paa.

"Firmin, simama hapo," Omer akanong'ona. "Koti! Anakujua kwa koti!"

Nilimwona Mjomba anaelewa. Ilianza machoni, ikashuka. Mkono ukaenda kwenye tai. Akaivuta, ikakaza badala ya kulegea. Akatupa kofia. Akavua koti la suti akalitupa, na koti lilipopepea Melanie akaruka, akaenda paa la nyumba, kwenye bomba la moshi, juu zaidi. Mjomba akafungua shati. Vifungo viwili vikakatika. Akabaki na fulana, mikono myeupe, suruali ya sherehe, anapiga mluzi wake wa kuita, ule wa sauti mbili unaojulikana mtaa mzima. Sauti ya kwanza ikatoka. Ya pili ikageuka kikohozi.

Alikohoa ameinama, mikono magotini, na kikohozi hakikukoma. Kila alipojaribu kuinuka kilimrudisha chini. Melanie, kutoka bombani, aliisikiliza sauti ile ya ajabu inayotoka kwa mtu asiyemjua, akasogea upande wa pili wa bomba, tukabaki tunaona mkia tu.

"Alida!" Mjomba alisema pumzi ilipopatikana. "Koti! Lilete hata likiwa bichi!"

"Mashine imefungwa, haifunguki mpaka imalize," akasema Shangazi. Na ni kweli, zile mashine ziko hivyo.

"Basi wewe! Tikisa kopo!"

Shangazi alikuwa ameketi palepale. Aproni ya maua. Kopo lilikuwa sasa mapajani, ameliwekea mikono yote miwili juu, kama mtu anayezuia kifuniko. Melanie alirudi upande wetu wa bomba. Alimwona. Nina hakika alimwona, kwa sababu alinyoosha shingo, akashuka vigae viwili kuelekea kwake, akasimama, akangoja sauti ya karanga.

"Alida."

Shangazi alikuwa hamtazami njiwa. Alikuwa anamtazama mumewe: fulana imelowa jasho, mbavu zinaingia na kutoka, midomo imeanza rangi ile waliyoiona mwezi wa tatu.

"Alida, tafadhali."

Kengele ikaanza.

Kengele za kanisa letu hazina haraka. Zilipiga zote, na sisi wanne tukazisikiliza zote, na njiwa akazisikiliza, kwa kuwa ndizo alizozaliwa akizisikia. Hakuna aliyesogea. Omer alivua kofia, sijui kwa nini. Ya mwisho ilipopiga na mlio wake ukaisha kabisa, Shangazi akainuka, akapita kando ya Mjomba, akapanda ngazi moja moja akishikilia goti, akatikisa kopo mara moja.

Melanie akashuka kutoka paa la nyumba kama jiwe, akatua begani kwake, akaruka mlangoni, akakanyaga kibao.

Bip.

Kisha tukasikia kule ndani kinda anapiga kelele za njaa, na kelele zikanyamaza, kwa kuwa mdomo wake umejaa.

Mpiga picha alifika dakika hiyohiyo. Alimkuta mzee mwenye fulana amekaa kwenye majani, tai shingoni. Akauliza kama ameshinda.

"Alifika kabla ya kengele," akasema Mjomba. "Mmemwona. Alikuwa nyumbani."

Omer alikunja kiti chake taratibu. Miaka thelathini aliingoja nafasi hii, na ilipofika hakuifurahia.

"Alikuwa kwenye paa, Firmin."

*

Watu walikunywa kwa Georgette kama ilivyoahidiwa, na nasikitika kusema walikunywa vizuri. Kwenye kanivali iliyofuata kundi moja lilipita na bomba la moshi la maboksi na mtu juu yake aliyevaa suti. Mjomba alikwenda kuliangalia. Alisema tai ilikuwa ya rangi isiyo sahihi.

Njiwa waliuzwa kwa mnada katika ukumbi uleule. Njiwa wa mashindano ukimhamisha hahami. Ukimfungulia atarudi banda alilozaliwa, hata kama banda limekuwa maegesho ya gari la watu wengine. Kwa hiyo Melanie ilibidi anunuliwe na mtu atakayemfungia ndani, atage tu. Omer alimnunua. Alimjengea chumba cha waya kinachotazama kusini, jambo ambalo anadai ni bahati tu.

Na wao wakahamia Middelkerke, ghorofa ya nne. Wa kwanza kwenda kuwaona nilikuwa mimi. Tulikula kamba wadogo wa kijivu, wale unaowamenya mwenyewe mpaka vidole vinanuka wiki nzima. Mjomba alikuwa amenenepa. Nilikaa na kusikiliza, na ni kweli, husikii kitu, pumzi inaingia na kutoka kama ya mtu. Shakwe alipotua kwenye baraza Mjomba aligeuza kiti akampa kisogo.

"Ungeweza kumwita," alisema ghafla, bila kumtazama mkewe. Niliona kwamba halikuwa swali la siku ile. Lilikuwa limekaa pale mezani muda mrefu kama chumvi.

"Ningeweza," akasema Shangazi.

Akammenyea kamba, akamwekea kwenye sahani ile ya picha ya kanisa. Mjomba akamla.

"Hawa wa leo wana chumvi," akasema.

"Hawa wa leo wana chumvi," akakubali Shangazi.

Kila Alhamisi Mjomba anashuka kwa lifti, anapanda tramu mpaka stesheni ya Ostend, na kutoka pale treni mpaka Aalst, halafu anatembea mpaka kwa Omer. Amevaa koti la bluu. Kuingia ndani Omer hamruhusu, Shangazi alimwapisha. Anasimama nje ya waya, upande upepo unakotoka, kwa nusu saa. Melanie anakuja ukingoni. Omer anatoa kahawa, wanatukanana kidogo. Kisha anarudi, na anapofika mlangoni Shangazi anamwuliza amechukua muda gani, na yeye anamjibu kwa dakika, na anamwambia upepo ulikuwa unatoka wapi.

Tiketi ya treni ya wazee, kwenda na kurudi, si kabla ya saa tatu asubuhi, ni euro saba na senti themanini.